Hapana Kulalisha Kamba

Masika, mwana wangu,

Mumekwenda misa ya jioni, wewe na mama yako na badogo zako, kuaga batu ba parwasi, na mimi nimebakia nyumbani kwa sababu niliwaambia goti linaniuma. Goti haliniumi. Nilitaka meza ibakie yangu peke yangu, na kalamu, mbele courant ya umeme haijakatika. Ukisoma hii barua leo usiku utajua baba yako ni muongo, mais ni uongo wa jioni moja.

Mama yako amekwisha kukuambia juu ya maji ya kuchemsha, juu ya musikitere, juu ya banaume ba Kisangani na maneno yabo ya sukari. Kesho atarudilia yote, hata kama hauulizi. Ile mimi naruka. Mimi nitakuandikia juu ya kamba, kwa sababu ni kitu kimoja ninachojua vizuri, na kwa sababu nusu yake wewe njo ulinifundisha na sijakushukuru bado kwa mudomo wangu.

Hadisi ya Kayna unaijua. Nilikuhadisia ungali mudogo, mais nilikuwa nahadisia ile sehemu ya kuchekesha tu. Nilikuwa kijana, nimeoa mupya, nafanya kazi kwa patron mumoja aliyekuwa anashusha mbao kutoka mulimani mpaka ku barabara kubwa, kwa kable ya juu. Siku moja patron alikwenda Lubero, akaniachia mimi kazi ya kufunga kable. Nikajisemea, leo bataona. Nikaikaza, nikaikaza tena, treuil ya kukazia ikalia, mpaka kable ikanyooka toka kule juu mpaka chini, na ukiigonga na fimbo iliimba. Batu balisimama kando ya barabara kuangalia. Nilijisikia mwanaume kabisa.

Muzigo wa kwanza haukufika hata katikati. Kable ilikatika, mbao zikaruka mu shamba la viazi la mama mumoja mujane. Ule mama alikuja na jembe mu mukono, akaniangalia toka kichwa mpaka miguu.

"Wewe njo mwenye ile kamba ya chuma?"

"Ni mimi, mama."

"Bon. Kamata jembe."

Nilipanda viazi vyake upya, mustari kwa mustari, na yeye amekaa pale juu anakula muhindi wa kuchoma na kusema, ule mustari umekwenda upande, rudilia. Mpaka hapa unajua. Kile sijakuambia ni kwamba mu ile shamba njo nilielewa kazi yangu. Batoto babili ba ule mama balikuwa banatoka ku chemchemi na ndoo ya maji, bameitundika katikati ya kamba, kila mumoja anashika ncha yake. Pale balikuwa banatembea karibu karibu, kamba ilishuka katikati, na balikuwa banacheka. Kisha mukubwa akasema wacha tuinyooshe, ndoo isiguse majani. Bakaachana, bakavuta kila mumoja upande wake, na hapo habakuweza tena. Mikono ilikuwa inabatetemeka, ndoo ni ile ile, maji ni yale yale. Bakaiweka chini. Niliangalia ile kitu na jembe mu mikono yangu, nikaona ujinga wangu wote.

Donc kable ya juu inataka tumbo. Ukiinyima tumbo, ule uzito haushuki tena chini, unaanza kuvuta pande zote mbili, na chuma kitakatika palepale unapojisifu. Mais kamba ya kuvutia ni ingine. Ile haitaki tumbo hata kidogo. Ile, kila urefu inaoupata, lazima mutu aukule palepale, ni kusema auvute, aushike, juu kama unauacha ulale, siku muzigo utarudi nyuma utaupata ule urefu wote bure, utakimbia, na mwisho wake ni mushtuko. Si uzito unaokata kamba, mwanangu, ni mushtuko. Bafaransa banaita ile urefu mou. Patron wangu alikuwa anasema kamba imelala, na mimi nasema vilevile mpaka leo. Niliyajua haya yote myaka mingi mbele ya siku ya moteri, na siku ya moteri ilibakia kidogo niyasahau yote mbele ya bakwe zangu.

Wacha niihadisie vile mimi niliiona, juu wewe ulikuwa katikati ya muto na haukuiona sura yangu.

Ile moulin ya kusaga ya Kalunguta, sijui ni nani alinituma kusema. Tulikuwa kwa bakwe, tumekula, na bamama ba ushirika balikuwa banahuzunika. Moteri balikwisha kuinunua, moja tu, myaka ya maharagwe na kasiksi ya ndizi iliingia mule. Papa Saidi wa Bungulu alikubali kuileta na camion yake mpaka mwisho wa barabara. Mais mwisho wa barabara ni huku, na kijiji ni ng'ambo, na daraja ya miti inabeba batu na mbuzi, basi. Na mimi, mukwe, nikasimama nikasema: "Hapana kuhuzunika. Mimi nitaivusha juu ya muto." Hakuna mutu aliniomba. Mama yako alinivuta ku shati, nikamutoa mukono. Mukaka wako, mama wa mama yako, akasema, "Basi tumesikia." Unajua ile "tumesikia" yake. Kama moteri ingeanguka mu muto, bamama bangeendelea kubeba mihogo ku kichwa mpaka kule mbali kusaga, na mimi singekula tena ku ile nyumba mpaka kufa kwangu.

Ile asubuhi ulifika mbele yangu. Ulikuwa umekwisha kutembea pande zote mbili, umegusa visiki, umeuliza maswali. Nilikupa kazi ya kitambaa. Nakuambia kweli, nilikupa ile kazi juu niliona ni nyepesi, mutoto wa kike asimame ku daraja ya miti, mbali na muzigo, pande zote mbili bamuone, ashike kile kipande chekundu cha kitenge ya mama yake. Akikiinua, kila mutu anasimama. Akikishusha, tunaachia na banavuta. Mimi nilijua ukubwa uko kwangu, ku kisiki cha upande huu, na kamba ya nyuma. Na ku upande wa ng'ambo, ku kisiki cha mukalitusi, pale kamba ya mbele inazungushwa, mutu aikule kila inapolegea, nilimuweka mujomba wako Kambale. Kambale ni katekista, kaka ya mama yako, mukubwa wa bukwe. Heshima ilitaka vile. Sikujiuliza swali lingine.

Kisha nikafunga kable, na macho yote ya bukwe mu mugongo yangu, na Kayna ikanirudia. Si akili ya Kayna, ni ujinga wake. Nikaona lile tumbo la kable juu ya muto, nikasikia muzee mumoja anasema, "Mbona inashuka vile?" Basi nikaanza kuikaza.

Ulikuja ukasimama kando yangu. Haukupandisha sauti. Ulisema, "Baba, na viazi vya ule mama?"

Nikakujibu, "Ile ilikuwa kable ya zamani."

"Hii ni mupya?"

Nikakutuma kuangalia kama mbuzi hawajapita chini ya kable. Ukaenda. Mimi nikakaza tena, nikachukua fimbo, nikagonga. Ikaimba. Ile sauti nilikuwa nimeilalia na kuiamkia myaka yote. Nikaanza kulegeza, pole pole, na bazee banauliza sasa anafanya nini, mbele alikaza sasa analegeza, na kulegeza kwa chuma si kufungua kamba ya mbuzi. Asubuhi nzima ilienda mule. Pale tumbo lilirudi vile linapaswa, jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Ulirudi tena ukasema, "Baba, tule kwanza. Tukianza sasa, saa sita itatukuta katikati."

Nikakujibu, mbele ya batu bote, "Mungu njo mwenye saa. Atatungojea."

Balicheka. Wewe haukucheka. Uliangalia ile jante ya camion, chuma ya gurudumu, inayotundikwa kando ya shapeli ya ng'ambo, ile banayogonga kama kengele, kisha ukaenda ku daraja yako.

Tukatundika moteri ku kigari cha puli mbili. Ukashusha kitambaa. Nikaachia kidogo kidogo, kamba inazunguka ku kisiki, inanukia moto, na moteri ikatoka juu ya majani, ikaingia hewani, ikawa juu ya maji. Kwa kushuka mpaka mu tumbo la kable haikuomba mutu kuivuta, iliomba mimi kuizuia, na niliizuia vizuri, hapo najisifu na nina haki. Kisha ikafika chini kabisa, na sasa ikawa zamu ya ng'ambo. Bamama balikamata kamba ya mbele, safu nzima, na mukaka wako akaanzisha wimbo. Banavuta, moteri inapanda kidogo, Kambale anakula kamba ku kisiki. Banavuta, inapanda, anakula. Ilikuwa nzuri kuangalia. Hata Papa Saidi, ambaye alikuwa amevuka na miguu juu alisema muzigo wake hajauacha mpaka aone umekanyaga chini, alikuwa anapiga makofi.

Hapo nikakuona unainua kitambaa. Kila mutu akasimama. Na wewe ukaondoka ku daraja, ukaenda mpaka ku kisiki cha ng'ambo, ukainama mbele ya mujomba wako. Sikusikia maneno. Niliona tu Kambale anamupa Papa Saidi ncha ya kamba, na Papa Saidi anavua viatu, anaweka muguu ku kisiki.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Mutoto anamutoa mukubwa wa bukwe ku nafasi yake, mbele ya bukwe, bila kuniuliza, na anaweka mugeni. Nilipiga kelele: "Masika, nani amekuambia?" Ulinisikia, juu niliona kichwa chako kinageuka. Ulirudi katikati ya daraja, ukashusha kitambaa, na bamama bakaanza kuvuta tena. Mimi nikabakia na hasira yangu na kamba yangu, napanga mu roho maneno yote nitakayokuambia jioni, mu Kiswahili na mu Kinande.

Na hapo jante ikalia.

Unajua vile inalia kule, ule mutoto wa shapeli anaigonga na chuma, haina huruma. Malaika wa Bwana, sala ya saa sita. Na safu nzima ya bamama, bote bakristo tangu tumbo la mama zabo, bakaachia kamba kufanya ishara ya musalaba. Habakufikiri. Mikono ilijiendea. Wimbo ukakatika mu neno katikati. Kambale alikuwa amekwisha kuvua kofia na kupiga magoti. Na mimi, mwana wangu, mimi chef wa kazi, mwenye kamba ya nyuma, mutu wa Kayna, unajua mikono yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa ku kipaji cha uso. Jina la Baba. Niliangalia chini nikaona kamba yangu imelala mu majani.

Niliinua macho. Moteri ilirudi nyuma upana wa mukono, ikacheza kidogo, ikasimama. Ilisimama juu Papa Saidi alikuwa amekula kila urefu mpaka ule wa mwisho, kamba ilikuwa imezunguka kisiki barabara, na yeye amelala nyuma na uzito wake wote, miguu mitupu, midomo inasema Bismillah. Kamba haikuwa na pa kukimbilia.

Na Kambale anasali. Hakuruka hata neno moja, anaenda kwa mwendo wa katekista, sala ya kwanza, ya pili, na batu banajibu polepole kama siku ya Pasaka, na moteri ya myaka yote inaning'inia juu ya muto ku mikono ya muislamu mumoja. Tulisikia sauti yake mpaka huku upande wangu:

"Katekista, Mungu ni moja, mais mikono yangu ni mibili tu. Fupisha kidogo."

Mukaka wako njo alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika magoti, na bamama bakacheka, na Kambale mwenyewe akasema amina huku anacheka, na bakarudilia kamba. Mimi nilikuwa nalia. Nasema wazi, nilikuwa nalia na kucheka, juu hapo njo nilielewa kile ulifanya. Jioni ulinielezea maneno uliyomuambia mujomba wako: "Mujomba, nani ataongoza Malaika wa Bwana hapa leo kama katekista iko na kamba mu mikono?" Haukumushusha. Ulimupandisha. Ulitafuta ku ule mulima wote mutu mumoja ambaye ile jante haimuiti, ukamuweka pale kamba inataka mutu asiyeachia, na haukumuaibisha hata mumoja. Mimi nilijua kable, nilijua puli na visiki. Wewe ulijua batu banaoshika kamba, na saa yabo ya kuachia.

Kisha uliwagawa bamama mu makundi mabili, moja linavuta pale lingine linapumua, ili wimbo usiwe na pa kusimama. Mukaka wako alilalamika kwamba ule si wimbo tena ni moulin yenyewe, na ikapanda. Ikapanda bila kucheza. Nilikuwa naachia kwa kitambaa chako tu, sikuangalia tena kitu kingine. Pale ilikanyaga udongo wa ng'ambo, bamama balipiga vigelegele mpaka mbuzi bakakimbia. Na Papa Saidi alipoomba maji ya kutawaza, maana saa yake ya sala nayo ilikuwa imefika na muzigo haujafunguliwa ku kable, ni Kambale alikamata kamba ku kisiki. Aliishika mpaka ule muzee akamaliza kusujudu ku majani. Kisha akamuambia, "Wewe pia ungefupisha." Mpaka leo banaitana ndugu, na hakuna mumoja anayekubali kwamba sala yake njo ilikuwa ndefu.

Unakumbuka siku tuliiwasha. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa, na mukaka wako akasema labda inaogopa kimo. Kisha ikashika. Unga wa kwanza ulitoka wa moto, na bamama bakaupaka mu sura, mu nywele, bakampaka hata Papa Saidi mu ndevu, akaonekana muzee kuliko umri wake. Ule jioni tulikula bugali ya ule unga, na kuku. Na wewe unajua filigisi ni ya nani ku meza ya bukwe, ni ya mukwe mwanaume. Tangu nilioa mama yako, ile filigisi ilikuwa inakuja mu sahani yangu, na mimi naikula bila haraka. Kambale akasimama na kijiko, akapita nyuma ya muzee wa kwanza, akapita nyuma yangu, akaiweka mu sahani yako. Mukaka wako akasema, "Kula, mama. Imekwisha kupoa." Ukaniangalia mimi kwanza. Nilikuwa na haki ya kukasirika, na nilitafuta hasira mu roho yangu, sikuipata. Nilipata furaha tu, kubwa, haikunitosha mu kifua. Nikasema, "Kula." Ulikula nusu, nusu ukanirudishia. Nakuambia leo, hakuna nyama imenipendeza mu maisha yangu kama ile nusu.

Sasa nikuambie na ya mwisho, ile ya ngumu.

Pale ulileta habari ya Kisangani, kazi ya grue, ile mashine ya kuinua mizigo, ku port ya muto, nilisema hapana. Nilisema ni mbali, nilisema barabara, nilisema banaume batakucheka kule juu mu ile nyumba ya chuma. Nilisema na kwamba garage yangu iko na palan, iko na moteri za kuinua, utakosa nini hapa. Nilikukaza, Masika. Nilitaka unyooke toka mulango wangu mpaka ku mulango wangu. Mama yako aliniacha niseme siku nyingi, kisha akaniuliza jikoni, anachambua majani ya sombe, hata hakuniangalia: "Baba Masika, unaisikia inaimba?" Kesho yake nikakuambia uende kufanya ile examen ya kazi.

Ukaenda, ukarudi, ukasema balikuuliza unajua nini juu ya kamba, na ukabahadisia ya saa sita. Balicheka, ukasema, halafu wakubwa bakaacha kucheka na kuulizana, na bakakuandika. Nilizunguka quartier nzima. Nilibaambia bote, muuza makala, ba-taximan, ule jirani tusiyesalimiana. Nilimusimamisha na chukudu yake, kile kigari cha miti, yenye mizigo, mu mupando wa mulima, nikamuambia: Masika wangu ataendesha grue. Alisema, "Nimesikia, wacha nipite." Na sasa tunasalimiana.

Sina la kukufundisha juu ya grue, sijapanda hata moja. Mais kule kuko kamba, na kuko batu, na kila mutu iko na jante yake mahali inayomuita, mumoja sala, mwingine simu ya bibi yake, mwingine njaa. Wewe unaisikia mbele hawajaisikia benyewe. Ile haikutoka kwangu. Nafikiri ilitoka kwa mukaka wako, mais hapana kumuambia, atainua bei ya kuku zake. Na ukikosea, juu utakosea, tafuta mwenye shamba mapema, kabla hajakutafuta, na ukamate jembe. Ule mujane wa Kayna aliniletea gunia la viazi siku ulizaliwa. Vile vya mistari yangu, alisema, vilitoka vizuri hata vile vya upande.

Nasikia sauti zenu ku barabara, misa imeisha, na mama yako anamuambia mutu kwamba goti linanisumbua, maskini. Nifupishe, kama Papa Saidi alivyosema.

Kesho atafika na gari yake. Utalala Bungulu kwake, na keshokutwa yeye na bibi yake batakupeleka ku ndege. Mama yako atasimamisha kila mutu mu kiwanja kwa sala, na itakuwa ndefu. Utaniona nafanya ishara ya musalaba kwa mukono wa kuume. Angalia wa kushoto. Wa kushoto utakuwa ku valizi yako, umeishika. Nimejifunza.

Kile kipande chekundu cha kitenge nimekiosha, nimekikunja, nimekiweka juu ya nguo zako. Usikiache mule. Kikamate mu mukono. Ukikwisha kuingia mu gari, na mulango umefungwa, na Papa Saidi amewasha, uniangalie mimi, na ukishushe wewe mwenyewe. Sitaangalia kitu kingine. Pale utakishusha, nitaachia.

Baba yako, wa ku kisiki cha upande huu.